Kupanga Mkoba wa Kwanza wa Mhudumu wa Dharura wa Kujitolea

Usiku wa kwanza nilipoitwa nikiwa na mkoba wangu mwenyewe, nilipiga magoti kando ya barabara mbele ya kijana aliyepasuka paja, nikafungua zipu, nikaanza kutoa vitu. Plasta. Plasta tena. Pamba. Chupa ya spiriti. Kipimajoto. Shashi ilikuwa chini kabisa, pakiti tatu tu, na glavu zilikuwa chini ya shashi. Mwenzangu hakunisubiri. Alikunja shati lake, akalikandamiza kwenye jeraha kwa viganja viwili, akaegemeza uzito wake wote juu yake. Kijana yule alifika hospitali akiwa hai kwa sababu ya shati lile, si kwa sababu ya mkoba wangu.

Tangu siku hiyo nimeupangua mkoba ule na kuupanga upya mara nyingi, na nimekaa na wageni wengi wa kazi hii kupanga ya kwao. Kosa huwa lilelile: mtu anaanza na orodha ya vitu, anavinunua vyote, kisha ndipo anatafuta vitakaa wapi. Anza upande wa pili. Jiulize ni nini kinachoua haraka, mikono yako imefundishwa kufanya nini juu yake, kisha kifaa cha kazi hiyo ukiweke pale mkono unapofika kwanza. Vingine vyote vitafuata nafasi itakayobaki.

Hatua ya 1: Jua mipaka yako kabla ya kununua chochote

Nenda kwa msimamizi wa kikundi chako na maswali matatu. Ninaruhusiwa kufanya nini kwa kiwango cha mafunzo niliyo nayo? Kuna dawa yoyote ninayoruhusiwa kumpa mgonjwa, na kwa utaratibu upi? Na kwenye ambulensi au mkoba wa timu tayari kuna nini? Swali la tatu watu hulisahau, halafu mtu anabeba mtungi wa oksijeni mgongoni ilhali upo mwingine kwenye gari linalofika dakika mbili baadaye.

Majibu hayo ndiyo yatakayokuongoza. Kama hujafundishwa kushona jeraha, nyuzi za kushonea zisiingie mkobani. Vivyo hivyo sindano ya kutoboa kifua, mipira ya kuingiza kooni, drip na vifaa vyake, na kisu cha upasuaji. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona linavyokwenda: kifaa usichokijua hakikai kimya mkobani. Siku umechanganyikiwa, ndugu wa majeruhi wanakupigia kelele ufanye kitu, mkono utakifuata.

Inapowezekana, nunua aina ileile ya vifaa inayotumiwa na timu yako. Vikiisha utajaziwa kutoka stoo, na mwenzako akifungua mkoba wako hatahitaji kusoma maelekezo.

Hatua ya 2: Mkoba wenyewe

Chukua wa kubeba mgongoni, ili mikono ibaki huru kupanda ngazi, kuruka mtaro au kushika tochi. Zipu izunguke pande tatu, mkoba ulale wazi kama kitabu na kila kitu kionekane kwa mara moja. Mkoba wa kufunguka juu tu, kama gunia, utakulazimisha kuchimba. Ndani uwe na rangi ya mwanga, maana kitu cheusi ndani ya mkoba mweusi usiku hakionekani. Kitambaa kiwe cha kufutika kwa maji na dawa ya kuua vijidudu. Damu itaugusa, hilo halikwepeki.

Ukubwa wa lita 20 hadi 25 unamtosha mtu mmoja. Ukichukua mkubwa zaidi utaujaza tu, kisha utauacha nyumbani kwa uzito. Ukishaujaza, uvae, panda ngazi za ghorofa tatu kwa haraka, upige magoti na uhesabu pumzi zako. Kama unahema kiasi cha kushindwa kuzungumza, punguza mzigo.

Pamoja na mkoba, tafuta kipochi kidogo cha kiunoni. Ndani yake weka jozi mbili za glavu, barakoa ya kumpulizia mgonjwa pumzi na turniketi moja, yaani mkanda wa kukata damu ya mkono au mguu. Siku utakayokutana na ajali mkoba uko mbali, kipochi kitakuwa nawe.

Hatua ya 3: Kinga yako inakaa juu ya yote

Glavu ziwe za kwanza kuonekana zipu inapofunguka. Chagua za naitrili badala ya mpira wa kawaida, kwa kuwa wapo watu ambao mpira huwaletea mzio, na wengine mzio huo ni mkali. Weka jozi 10 za saizi yako, na jozi tatu kubwa za kumpa mpita njia atakayejitolea kukushikia kitu. Usizibebe na boksi lake. Kunja glavu moja ndani ya mwenzake, mbili mbili, ili ukivuta moja utoke na jozi kamili. Kwenye ajali yenye damu nyingi vaa mbili kwa pamoja: ya juu ikichafuka unaivua, na ya chini bado ni safi kumgusa majeruhi wa pili.

Kuvua glavu ni ufundi unaostahili mazoezi. Shika upindo wa glavu ya kwanza kwa nje, karibu na kifundo, uivute igeuke ndani nje, uifumbate kwenye kiganja chenye glavu. Kisha ingiza kidole kitupu ndani ya ile ya pili, chini ya upindo, uivute ifunike ya kwanza. Zote mbili zimekuwa kifuko kimoja, na uchafu umebaki ndani. Fanya mazoezi nyumbani ukiwa umepaka glavu rangi ya maji. Doa lolote kwenye ngozi litakuonyesha ulipokosea.

Ongeza miwani ya kukinga macho, barakoa mbili tatu zikiwemo zile zinazobana vizuri usoni, na chupa ndogo ya kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60. Kitakasa hakiondoi damu inayoonekana; hiyo inataka maji na sabuni. Koti la reflekta lisikae ndani ya mkoba, lifunge kwa nje ulivae kabla hujakanyaga barabara. Tochi iwe ya kichwani. Tochi ya mkononi inakunyang'anya mkono mmoja kati ya miwili uliyo nayo.

Hatua ya 4: Damu

Hapa ndipo nafasi kubwa ya mkoba iende. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla ya ambulensi yoyote kufika. Ni hatari unayoweza kuizuia kwa vifaa vyepesi na mikono miwili, bila kuwa daktari.

Weka mkasi wa kukatia nguo, ule wenye ncha butu iliyopinda. Jeraha usiloliona huwezi kulifunga, na suruali ya jinzi haipasuki kwa kuvuta. Mkasi ufunge kwa kamba fupi kwenye kamba ya bega la mkoba. Ni kifaa kinachopotea kuliko vyote, kwa sababu kila mtu huuazima.

Turniketi ziwe mbili. Huo ni mkanda mpana wenye kijiti cha kuzungusha, unaobana mkono au mguu hadi damu ikatike. Sisemi moja, kwa sababu paja nene wakati mwingine halikubali mkanda mmoja. Wa pili unafungwa kando ya wa kwanza, upande wa juu. Mkanda uwe na upana wa karibu sentimita 4. Kamba nyembamba au waya hukata nyama na kuumiza neva bila kufunga mshipa ulio ndani. Jihadhari sana na za kuiga. Kwa macho zinafanana na halisi, lakini kijiti chake ni cha plastiki dhaifu kinachovunjika katika mzunguko wa tatu, wakati damu bado inatoka. Nunua kwa muuzaji wa vifaa vya tiba anayeaminiwa na timu yako, na usiende kwenye bei inayokushangaza kwa urahisi wake.

Matumizi yake: sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si juu ya goti au kiwiko. Vuta mkanda ukaze kwanza, kabla ya kugusa kijiti. Wengi hukimbilia kijiti mkanda ukiwa bado umelegea. Zungusha hadi damu ikome, funga kijiti mahali pake, andika saa kwa maka peni. Itauma sana. Mwambie majeruhi mapema kwamba itauma na kwamba maumivu hayo ndiyo yanayomwokoa, kisha usiilegeze kwa kumwonea huruma. Kuilegeza ni kazi ya hospitali. Turniketi mpya huja na karatasi ya nailoni. Itoe, uikunje tayari kwa matumizi, kwa sababu kuchana nailoni kwa vidole vyenye damu ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Nyingine ya tatu, ya mazoezi, iwe na alama ya rangi na isiingie mkobani kabisa, maana kuzungushwa mara nyingi kunaichosha.

Kinena, kwapa na shina la shingo havifungiki kwa mkanda. Hapo kazi ni ya shashi. Beba pakiti mbili za shashi ndefu iliyokunjwa kwa ajili ya kujaza jeraha, na kama timu yako inatumia ile yenye dawa ya kugandisha damu, moja iwe hiyo. Chukua ncha ya shashi, iingize kwa kidole hadi chini kabisa, mahali damu inapobubujika. Shikilia hapo. Kidole cha mkono wa pili kisukume mkunjo unaofuata juu ya wa kwanza, kisha mwingine, bila vidole vyote viwili kutoka kwa wakati mmoja. Jaza hadi shashi isimame juu ya ngozi, halafu kandamiza kwa viganja ukiwa umenyoosha viwiko: dakika 3 kamili kwa shashi yenye dawa, 10 au zaidi kwa ya kawaida. Tazama saa, maana dakika 3 zikiwa chini ya viganja vyako ni ndefu mno, na kila mtu anatamani kuchungulia. Usichungulie. Tumbo na kifua havijazwi shashi.

Kwa majeraha mengine weka bandeji mbili za mkandamizo zenye pedi yake, shashi za mraba za sentimita 10 zisizopungua 20, bandeji za kuzungushia za upana wa sentimita 10 nne au tano, na gundi ya kitambaa roli moja. Kwenye roli, kunja ncha ya gundi irudi juu yake yenyewe kila unapomaliza kuitumia, vinginevyo utakuwa unaitafuta kwa kucha ndani ya glavu.

Pamba iache. Nyuzi zake hunasa kwenye kidonda. Spiriti nayo ni ya kufutia vifaa, haimiminwi kwenye jeraha. Jeraha linaoshwa kwa maji safi au maji chumvi ya hospitali, na yale yanayovuja damu kwa nguvu hayaoshwi hata kidogo hadi damu isimame.

Hatua ya 5: Pumzi na moyo

Barakoa ya kupulizia yenye vali ya njia moja ni kifaa kidogo kinachokuondolea kusita. Mtu akianguka na moyo ukasimama, unakandamiza kifua mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha unapuliza mara 2. Bila kizuizi kati ya mdomo wako na wake, wengi hushindwa kupuliza, wengine hushindwa hata kuanza. Ikiwa barakoa huna au hujafundishwa kupuliza, kandamiza bila kusimama. Fungua barakoa yako leo, ikunjue, uibane usoni mwa mdoli wa mafunzo. Ile inayokuja imebonyezwa kwenye boksi gumu inahitaji kusukumwa ichukue umbo, na hilo hujifunzi mbele ya mgonjwa.

Mpira wa kupulizia wa mkono, ule wa kukamua, unataka watu wawili ili ufanye kazi vizuri, mmoja akibana barakoa kwa mikono yote miwili. Kama huwa unatangulia peke yako, utakushughulisha bure. Uache ukae na timu.

Weka wembe mmoja wa kunyolea na kitaulo kikavu kwa ajili ya mashine ya kushtua moyo. Padi zake hazishiki kwenye kifua chenye maji au manyoya mengi. Mashine yenyewe huenda usiwe nayo, lakini jua zilipo zote katika eneo unalohudumia.

Kuhusu kifua kilichotobolewa: kipo kibandiko maalumu chenye matundu ya kutolea hewa. Kama umefundishwa, beba viwili, kwa kuwa tundu la kuingilia mara nyingi lina mwenzake mgongoni. Kama hujafundishwa, acha jeraha wazi. Kuliziba kabisa kwa nailoni kunaweza kufungia hewa ndani ikaubana pafu na moyo, na mtu aliyekuwa anapumua kwa shida akaacha kupumua.

Hatua ya 6: Mifupa, moto na baridi

Kitambaa cha pembetatu ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji wa Ujerumani katika karne ya 19, alikieneza kikiwa kimechapwa michoro ya namna ya kukifunga juu ya kitambaa chenyewe, ili hata askari asiyefundishwa ajisaidie. Kinaning'iniza mkono uliovunjika, kinafunga kichwa, kinashikilia banzi la kutuliza mfupa uliovunjika, kikikunjwa kinakuwa mkanda mpana. Beba vinne. Unaweza kujikatia mwenyewe: kitambaa cha pamba cha mraba wa mita 1, ukikikata mshazari, unapata viwili.

Banzi liwe la sponji lenye bati jepesi ndani, la kukunjika. Likiwa limenyooka ni laini kama kadibodi. Ukilipinda kwa urefu wake liwe kama mfereji, linakaza. Pimia umbo kwenye mkono wako mwenyewe au kwenye kiungo kizima cha majeruhi, kisha ndipo ulipeleke kwenye kilichovunjika. Kila ukimaliza kufunga, gusa vidole vilivyo mbele ya banzi: vina joto? anavihisi? anaweza kuvichezesha? Kama sivyo, umekaza mno.

Kwa moto, dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Barafu hapana. Mkobani weka nailoni safi ya kufunikia chakula, ile ya roli, ukatupa mzunguko wa kwanza. Inatandazwa juu ya kidonda kilichokwisha kupozwa, haizungushwi kiungo kizima, kwa sababu kiungo kitavimba. Jeli za moto ni za pale maji yasipopatikana.

Halafu blanketi la foili, mawili. Majeruhi anayevuja damu akipoa, damu yake haigandi ipasavyo, na hili ni kweli hata mchana wenye joto, kwa kuwa amelala chini, nguo zimelowa na umezikata. Foili hurudisha joto la mwili wake, haitengenezi joto jipya. Kwa hiyo kwanza mwondolee vya majimaji, weka kitu kati yake na ardhi, shuka, koti, kadibodi, ndipo foili ije juu. Watu wengi wanafunika juu na kusahau chini, na ardhi ndiyo inayonyonya joto.

Taulo moja safi ndani ya mfuko wa nailoni haichukui nafasi, na siku ukimkuta mama anajifungua njiani utashukuru. Mtoto anakaushwa vizuri, anawekwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, wanafunikwa wote wawili. Kitovu hakina haraka ya kukatwa.

Hatua ya 7: Vipimo na daftari

Daftari na penseli vitangulie. Penseli huandika hata kwenye mvua. Saa ulipofika, alivyokuwa, ulichofanya, saa ulipokifanya, mzio, dawa anazotumia, alikula lini mara ya mwisho. Mhudumu wa ambulensi atakuuliza hayo yote kwa sekunde 30, na kumbukumbu ya mtu aliyetoka kwenye purukushani haiaminiki.

Vifaa vya kupimia: saa yenye mshale wa sekunde, tochi ndogo ya kuangalia mboni za macho, mashine ya presha ya mkono na stethoskopu kama umefundishwa, kipimo cha sukari, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Hicho cha mwisho kitumie kwa tahadhari. Kidole cha baridi, rangi ya kucha na mtikisiko huvuruga namba zake. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, na kwa mtu aliyevuta moshi wa moto au wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mtu anakufa. Akihema kwa shida na midomo ikibadilika rangi, amini macho yako.

Vijiti vya kipimo cha sukari vikae ndani ya kopo lake, kifuniko kimebana, na uandike juu tarehe uliyolifungua.

Hatua ya 8: Dawa, kwa uchache

Ninachobeba bila wasiwasi ni glukosi na paketi za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Glukosi ya gramu 15 hadi 20 kwa mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka, mradi yuko macho na anameza. Rudia kupima baada ya dakika 15. Asiyejitambua hatiliwi kitu mdomoni, hata asali ya kupaka, kama hujafundishwa namna yake. Paketi za chumvichumvi zichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, nyingi zikiwa ni lita 1, bila kukisia.

Aspirini kwa maumivu ya kifua, dawa ya kupuliza ya pumu, sindano ya mzio mkali: hizi ziingie mkobani tu ikiwa utaratibu wa timu yako unazitaja na jina lako liko chini yake. Mara nyingi mgonjwa anayo yake mwenyewe, na msaada wako ni kumtafutia mfukoni na kumshikia mkono. Dawa usiyojua ni ya nini usiibebe hata ukipewa bure.

Hatua ya 9: Vidogo vidogo

Plasta za kawaida, kibano, pini za usalama, maji chumvi chupa ndogo tano za kuoshea macho, mifuko minne mikubwa ya takataka, kopo gumu lenye kifuniko la kutupia vyenye ncha, maka peni mbili, filimbi, betri za akiba, chupa ya maji ya kunywa na kitu cha kutafuna. Hivyo viwili vya mwisho ni vyako wewe. Mhudumu aliyeishiwa nguvu saa ya nne ya msako anaongeza idadi ya wanaohitaji kuhudumiwa.

Hatua ya 10: Panga, kisha ufumbe macho

Gawa vitu kwa vifuko vya rangi, kila kifuko kazi moja. Chekundu damu, cha buluu pumzi, cha njano mifupa na moto, cheupe vipimo na vidogo vidogo. Rangi zikifanana na za timu yako ni bora zaidi. Chekundu na glavu vikae juu au mfuko wa mbele. Plasta, ambazo utazitumia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, weka mfuko wa pembeni, ili mtoto aliyejikwaa asikufanye ufungue na kuvuruga mkoba mzima.

Sasa jaribio. Zima taa, au fumba macho, mtu wa nyumbani akutajie kitu kimoja kimoja: glavu, mkasi, turniketi, shashi, barakoa. Vitano hivyo kila kimoja kitoke ndani ya sekunde 5. Kisichotoka, mahali pake si pazuri, kihamishe. Rudia hadi mkono ujue njia. Halafu mwite mwenzako ambaye hajawahi kuona mkoba wako, umwambie akutolee turniketi. Siku wewe ndiye majeruhi, yeye ndiye atakayeitafuta.

Hatua ya 11: Kagua, jaza, safisha

Ndani ya kifuniko gundisha karatasi yenye idadi ya kila kitu na tarehe ya kwanza itakayoisha muda. Mara moja kwa mwezi, siku ileile, toa vyote na uvihesabu. Vuta glavu moja kwa nguvu; ikichanika kirahisi, badilisha zote za umri ule. Bonyeza pakiti za shashi uone kama zimetoboka, kwa kuwa pakiti iliyotoboka si safi tena hata kama tarehe bado. Washa tochi na vipimo vyote. Betri za akiba zisikae ndani ya kifaa.

Mkoba usiishi kwenye gari lililofungwa juani. Joto la ndani hulegeza gundi, hukausha mpira, huharibu vijiti vya sukari na dawa, nyingi zikiwa zimeandikwa zisizidi nyuzi 25 au 30. Uweke ndani ya nyumba, karibu na mlango, juu mahali mkono wa mtoto haufiki.

Baada ya kila tukio, kabla ya kuoga na kabla ya kula, futa mkoba na vifaa vilivyotumika kwa dawa ya kuua vijidudu, mabanzi kwa sabuni kwanza. Vya kutupwa vipeleke kituo cha afya, visiende kwenye jalala la nyumbani. Kisha jaza kilichopungua usiku uleule, hata kama umechoka kiasi cha kulala umekaa. Kama stoo imefungwa, andika kilichokosekana kwenye kipande cha gundi na ukibandike juu ya zipu, ili wewe au mwenzako msifungue mkoba kesho mkidhani umejaa. La mwisho kabla ya kuufunga ni glavu: mbili mbili, moja ndani ya mwenzake, juu kabisa.